Kiingereza cha test: nusu iko kwa baba, nusu iko kwa mtoto

Katiba yetu ya 2006, tangu kipengele chake cha kwanza, inasema lugha ya serikali ni Kifaransa, na lugha za taifa ni nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiingereza hakimo. Lakini uende siku ya test ya kazi kwenye mlango wa kampani ya migodi, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, utaona ni lugha gani inafungua ule mlango na ni nani anabaki inje.

Kijana amesoma mekanika mpaka diplome. Motere anaifungua na kuifunga, alama za umeme anazisoma bila kutafuta mtu wa kumsaidia. Siku ya test anapewa karatasi: sentensi iko na shimo katikati, chini kuna majibu ya kuchagua. Anachagua haraka haraka, anatoka, na kisha siku kadhaa jina lake haliko kwenye orodha. Nyumbani anasema: "Papa, kama hauko na mutu wa ndani, hapana kazi." Kuna siku anasema kweli, na sisi hatutaficha ile kweli. Lakini kuna siku zingine nyingi ambapo mtu wa ndani hakuwa na lawama yoyote. Kijana aliangukia kwa neno dogo la herufi tatu.

Tunataka kusema juu ya ile neno dogo. Na tunataka kusema jambo ambalo tunaliona katika nyumba za wachimbaji toka Ruashi mpaka Manika: Kiingereza kimeshaingia ndani, ila kimegawanyika. Baba anayetumika kwa mgodi iko na maneno. Mtoto anayesoma iko na sarufi. Kila mmoja anashika nusu yake, na usiku wanakula meza moja bila kuzikutanisha.

Kwanza tukumbushe kitu. Watu wanasema Kiingereza ni mambo mapya, kimekuja na wageni wa miaka hii. Si kweli. Union Minière ilipoanzishwa katika 1906, Tanganyika Concessions ya Mwingereza Robert Williams ilikuwa ndani. Gari la moshi lilifika Élisabethville katika 1910, na lilitoka upande wa Rhodesia, halikutoka baharini kwetu. Mgodi wa Kalukuluku, ule wa Étoile, ulijulikana pia kwa jina la Kiingereza, Star of the Congo. Ndiyo sababu wazee wetu walisema "motokari", walisema "buku", walisema "bulangeti", na hakuna aliyewafundisha darasani. Halafu Kifaransa kilichukua nafasi, na wakati wa Gécamines aliyetaka kupanda cheo alijua lazima apitie hapo. Sasa Kiingereza kimerudi. Mgodi mmoja mwenyewe ni wa Uswisi, mwingine wa Kanada na China pamoja, mwingine wa China peke yake, na Mchina na Mkongo wakikosa mkalimani, mara nyingi wanakutana kwa Kiingereza cha kuvunjika. Vitabu vya mashine za Caterpillar na Komatsu navyo viko kwenye ile lugha. Kukasirika juu yake ni haki ya mtu, lakini hasira haijazi lile shimo katikati ya sentensi.

Sasa tuangalie ni mashimo gani. Tumeongea na vijana waliotoka kwa test, tumeongea na walimu, na makosa ni yaleyale yanarudi. Mengi hayatoki kwa uvivu. Yanatoka kwa Kifaransa, juu ya mwanafunzi wetu anatafsiri kila kitu kupitia Kifaransa, hata mahali Kiswahili kingemwonyesha njia fupi.

Angalia mfano. Kwa Kifaransa mtu anasema "j'ai fermé la vanne", na anaweza kuongeza "hier" bila shida yoyote. Mtoto anaipeleka vile vile: "I have closed the valve yesterday." Kosa, na kwa test ni alama moja imekwenda. Lakini aulizwe kwa Kiswahili. Nani anasema "nimefunga jana"? Tunasema "nilifunga jana". Na kama kazi imekwisha na tunaangalia matokeo yake sasa hivi, tunasema "nimefunga". Basi, ile "-me-" njo "have closed", na ile "-li-" njo "closed". Ni kweli, katika mazungumzo ya Lubumbashi tunazichanganya, lakini kwa Kiswahili cha kanisa na cha redio tofauti iko wazi, na kila mtu anaisikia. Mwalimu anayefundisha Kiingereza kwa njia ya Kifaransa peke yake anatupa chombo kizuri ambacho mtoto alizaliwa nacho.

Lakini chombo hiki hakifungui kila mlango. Kwa "tangu", Kiswahili na Kifaransa vyote viwili vinatudanganya pamoja. Tunasema "natumika hapa tangu 2019", Mfaransa anasema "je travaille ici depuis 2019", na sisi tunaandika "I work here since 2019". Mwingereza anataka "I have worked here since 2019". Na pale Kifaransa kiko na "depuis" moja tu, yeye iko na mbili: "since" kwa siku kazi ilipoanza, "for" kwa urefu wa muda. "Since 2019", lakini "for three years". Hapa mtu asitafute akili nyingi. Aandike sentensi kumi za maisha yake mwenyewe, tangu alipohamia nyumba, tangu alipooa, muda aliotumika kwa sous-traitance, na azisome kwa sauti mpaka mdomo ukatae kusema vingine.

Kuna lile neno "he checks". Herufi moja, "s", imeangusha watu wengi kuliko maneno marefu. Sisi alama ya mtu tunaiweka mbele: ninachunguza, unachunguza, anachunguza. Kiingereza kimeiondoa karibu kila mahali, kikaiacha mahali pamoja tu, nyuma kabisa, kwa mtu wa tatu peke yake: "the operator checks the brakes". Jicho letu limezoea kuangalia mbele ya neno, halifiki nyuma. Mwenye kufanya mazoezi apige mstari chini ya ile "s" kila akikutana nayo, wiki mbili, tatu. Halafu jicho litaenda lenyewe.

Halafu "his" na "her". Kwa Kiswahili "kofia yake" haisemi kama mwenye kofia ni mwanaume ao mwanamke. Kwa Kifaransa "son casque" inafuata kofia, haifuati mtu. Kwa Kiingereza inafuata mtu. Siku hizi tuko na mabinti wanaoendesha magari makubwa ya kubeba mawe, na wanaandika ripoti, na wanaandikwa ndani ya ripoti. "The driver stopped her truck": mtu anayesoma anajua kumbe dereva ni mwanamke. Test inapenda sana kuweka shimo pale.

Mpangilio wa maneno ni jambo lingine, na hapa baba anaweza kumshinda mtoto. Kila mchimbaji ameona vile EPI ya Kifaransa imekuwa PPE ya Kiingereza. Ile E ya mwanzo imekwenda mwisho. Sisi na Wafaransa tunataja kitu kwanza, kisha tunaeleza ni cha nini: pampu ya mafuta. Mwingereza anaeleza kwanza: "oil pump". Ukigeuza ukasema "pump oil", umeomba kitu kingine kabisa, mafuta ya kuweka ndani ya pampu, na magazinia atakuletea kidumu. Fundi wa zamani anaijua hii bila kwenda masomo. Mtoto iko na kanuni kwenye daftari lakini hajawahi kuona pampu.

Na tutazame maneno yanayovaa nguo ya Kifaransa. Haya yanastahili kurasa nzima. "Two men were injured." Mwanafunzi mmoja alitafsiri: watu wawili walitukanwa. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, juu ya siku moja ile sentensi itakuwa kwa radio ya mgodi na haitakuwa mchezo: watu wawili wameumia. "Attend" hapana kungojea, ni kuhudhuria. "Assist" hapana kuhudhuria, ni kusaidia. Kijana anaandika kwa barua yake ya kuomba kazi kwamba "assisted" mafunzo ya usalama, na anayesoma anafikiri alikuwa msaidizi wa mwalimu. Kwa mazungumzo wanamuuliza ulifundisha nini, naye anakauka. "Actually" maana yake kwa kweli, si sasa hivi. "Eventually" maana yake mwisho wake, hata kama itakawia, si labda. Kama karatasi inasema "the pump will eventually stop", usikae ukisema pengine haitasimama. Itasimama. Na "inflammable", ambayo mtu aliyejifunza kwamba "in-" inakataa anaisoma kinyume: kwa Kiingereza na kwa Kifaransa inasema kitu kimoja, kwamba hii inashika moto.

Tumefika mahali ambapo test na maisha vinashikana. Iko kanuni moja ambayo tungeomba kila nyumba ya mchimbaji iandike ukutani. "You must not enter" na "you do not have to enter" si kitu kimoja. Ya kwanza inakataza: usiingie. Ya pili inasema si lazima kuingia, ukitaka ingia. Kwa darasa ni swali la alama moja. Kwa mlango wa chumba cha umeme ni swali lingine. Vile vile "unless" na "until". "Do not operate unless authorised": usiendeshe, isipokuwa umepewa ruhusa. "Do not switch on until the tag is removed": usiwashe mpaka ile kibandiko kiondolewe na mwenyewe aliyekiweka. Mtu aliyezoea kukamata neno moja moja anaona "operate", anaona "switch on", anafanya. Sarufi, ile ambayo vijana wanasema ni ya walimu tu, njo inamzuia mkono.

Na jambo la ndiyo na hapana, ambalo vitabu vingi vinalipita mbio. Ukimuuliza mtu wa kwetu "Hauko na kofia?", na kweli hana, anajibu "Ndiyo". Anakubali maneno yako: ndiyo, sina. Mwingereza akiulizwa vile vile anajibu "No": hapana, sina. Mfaransa aliweka "si" ya kumtoa kwenye hatari, Mwingereza hana. Sasa fikiri mtu wa radio anauliza "The belt is not clear?" na wa kwetu anajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, kuna watu bado. Yule wa upande mwingine anaweza kusikia kwamba njia iko wazi. Dawa yake ni rahisi na inatumika kwa mazungumzo ya kazi pia: usijibu kamwe kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "The belt is not clear." Hapo hakuna wa kukosea.

Tuongeze hesabu, juu ya hesabu nayo ni lugha. Kwa masikio yetu "fifteen" na "fifty" ni ndugu mapacha, na "thirteen" na "thirty" pia. Mazoezi yake ni kuvuta mwisho wa ile ya kwanza na kukata mwisho wa ile ya pili, kwa sauti, mara nyingi. Na kwa karatasi, 1.250 ya masomo yetu ni elfu moja mia mbili na hamsini. 1.250 ya Mwingereza ni moja na robo. Nukta na koma vimebadilishana nafasi. Anayetaka kazi ya laboratoire ao ya kuchanganya asidi asilale bila kuifahamu hii.

Basi, mtu afanyeje? Vijana wanatuambia: centre ya Kiingereza inaomba makuta mingi. Zingine zinafundisha vizuri, hatuzisemi vibaya. Zingine zinatoa karatasi ya maneno mia ya kukariri bila sentensi hata moja, na mwisho wanapiga picha ya certificat. Maneno mia bila sentensi ni kama tofali mia bila udongo wa kuzishikanisha. Kabla ya kutoa makuta, tungependa nyumba ijaribu kwanza kile ambacho iko nacho.

Baba, ukiwa kwa kazi, unapita mbele ya tangazo la usalama kila siku. Unajaza ile karatasi ya kuchunguza mashine kabla ya kuwasha. Unasikiliza mkutano wa asubuhi wa toolbox. Kamata sentensi moja. Moja tu, ile ya tangazo la ukutani ambayo kila mtu anaiona, usilete nyumbani karatasi za siri za kampani. Iandike kwenye daftari ndogo vile ilivyo, na "s" zake zote. Usiku umpe mtoto wa humanités. Yeye atafute kitendo kiko wapi. Aigeuze iwe swali. Aigeuze iwe ya kukataa. Aipeleke jana. "The operator checks the brakes." "Does the operator check the brakes?" "The operator does not check the brakes." "The operator checked the brakes yesterday." Na wewe umweleze breki ya gari la tani mia inafanya kazi namna gani na kwa nini mtu anaichunguza kabla ya mlima. Mtoto atakumbuka "brakes" juu ya ameona macho ya baba yake akieleza, hatakumbuka juu ya orodha.

Mama naye hana sababu ya kukaa pembeni. Hata kama hajui neno moja la Kiingereza, anaweza kuwa mkaguzi mkali kupita wote. Daftari liandikwe pande mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Yeye anafunika upande wa kulia na mkono, anasoma Kiswahili, wao wanajibu. Wakisitasita, anaweka alama ya msalaba, kesho anawauliza tena ile ya msalaba. Tunajua nyumba ambapo kazi hii inafanyika wakati sombe iko motoni, na kwa mwezi wa tatu mama mwenyewe alikuwa anajibu mbele ya mtoto.

Mtu atasema: mimi ni mzee, na zamu za usiku zinanimaliza. Tunaelewa. Hatusemi saa mbili kila siku. Mtu anayetoka zamu ya usiku hawezi. Robo saa, siku tano kwa juma, ni kitu kinachowezekana, na kwa lugha robo saa ya kila siku inashinda Jumamosi nzima ya mara moja moja. Aliye na telefone, BBC iko na masomo ya Kiingereza ya bure kwa intaneti, mengine ya dakika 6 tu. Mega zinakula makuta, kweli. Pakua moja, sikiliza mara kumi, kuliko kusikiliza kumi mara moja. Mara ya kwanza utasikia kelele. Mara ya nne utasikia maneno. Mara ya saba utaanza kusikia ile "s".

Kwa wale wa Exetat, maswali ya zamani ya Kiingereza yanauzwa kwa fotokopi pembeni ya barabara, na hakuna ubaya kuyanunua. Ubaya uko kwa namna ya kuyatumia. Wengi wanakariri: swali hili jibu ni la 3. Mwaka huu swali litabadilishwa neno moja na la 3 litakuwa kosa. Afadhali maswali kumi kwa siku na kwa kila moja mtoto aseme kwa mdomo kwa nini majibu mengine hayafai. Akishindwa kueleza, hajui, hata kama amechagua vizuri. Na siku moja kwa juma afanye na saa mbele yake, ajifunze kuruka swali gumu na kulirudia mwishoni, juu ya wengi wanaanguka na muda kuliko na sarufi.

Ila kuna karatasi nyingine zinazouzwa, na juu ya hizo hatuna maneno matamu. Usiku kabla ya test ya kampani, mtu anakuja na bahasha, anasema iko na majibu, wazazi wanakopa. Mara nyingi ni uongo, na hakuna polisi utakayeenda kumlilia kwamba ulinunua wizi ukakuta ni bandia. Na kama ni kweli, ni mbaya zaidi. Yule kijana ataingia kazini kwa Kiingereza ambacho hana, atasimama mbele ya "must not" na hataielewa, na anayesimama karibu naye ni mtoto wa mtu. Wanaouza bahasha wanakula makuta ya maskini, na wanaozitoa ndani ya ofisi wanakula zaidi.

Hatutaishia kwa familia peke yake, juu ya mlango una pande mbili.

Kampani ziko na haki ya kuomba Kiingereza kwa kazi inayokihitaji. Mtu wa radio, mtu wa laboratoire, fundi anayefungua kitabu cha mashine, sawa. Lakini mlinzi wa bustani? Mpishi? Mtu wa kubeba mbao? Tunaona matangazo ambapo Kiingereza kinaombwa kwa kila kazi, kama chumvi. Hapo hakipimi kazi tena, kinapima nani alizaliwa karibu na masomo mazuri. Tunaomba tangazo liseme wazi: kazi hii inaomba kusoma, ao kuongea, ao kuandika, na kiasi gani. Na test yenyewe iulize Kiingereza cha ile kazi. Kumuuliza dereva wa mashine maneno ya mashairi na ya hoteli ni kumfungia nje mtu anayejua "brakes", "reverse", "stop" kupita yule aliyeandika swali. Na aliyeanguka aambiwe ameanguka wapi. Siku hizi anaambiwa kitu kimoja tu, kwamba jina haliko. Mtu asiyejua kosa lake atafanya mazoezi ya nini?

Makuta ya kufundisha yapo. Sheria ya migodi, ile iliyorekebishwa katika 2018, inalazimisha kampani kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi, na iko pia cahier des charges ambapo kampani inaandika mbele ya wenyeji itawafanyia nini. Tumezoea kuona ndani yake visima, majengo ya masomo, nyumba ya uzazi. Ni vizuri. Lakini jengo la masomo lenye mabati mapya na mwalimu wa Kiingereza mmoja kwa madarasa yote, bila kitabu, litatoa watoto watakaosimama nje ya mlango uleule wakiangalia orodha. Wajumbe wetu wanaokaa kwenye ile mikutano waombe walimu wa Kiingereza wanaolipwa, vitabu, na darasa la jioni kwa wazazi walio kazini. Ni kitu kidogo mbele ya barabara ya lami. Wasiogope kukitaja eti si ujenzi.

Na kitu cha mwisho hakihusu test. Hata siku kila mchimbaji atajua Kiingereza, mtu akiwa na woga anafikiri kwa lugha ya mama yake. Tangazo linalokataza kuingia mahali pa kifo liandikwe kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili pia: ubao uleule, rangi ileile, herufi za ukubwa mmoja.